Kabla ya Kununua Kibanda cha Mbao cha Bustani: Namna ya Kukagua Ujenzi na Kupima Bei

Vibanda vipya vya mbao vikipangwa juani, rangi bado mbichi, vyote hufanana: kitakachooza baada ya miaka mitano na kitakachodumu ishirini. Tofauti iko pale mbao inapokutana na maji na pale mbao inapokutana na mbao nyingine, na sehemu hizo nyingi hazionekani ukiwa umesimama mlangoni. Ndiyo maana ukaguzi huanzia chini na kupanda juu. Rangi itazamwe mwisho, kama itatazamwa kabisa.

Beba futikamba, pimamaji, bisibisi bapa, tochi na uzi wa mita tatu hivi. Kipima unyevu cha pini mbili kikipatikana, kichukue pia. Vipimo vya mfano humu ni vya kibanda cha mita 1.8 kwa 2.4, yaani futi sita kwa nane.

Piga magoti kwanza

Mulika chini ya sakafu uhesabu mihimili inayoibeba. Kwa kibanda cha urefu wa mita 2.4, mihimili ikipita upande wa upana na kuachana sentimita 40 kutoka katikati hadi katikati, utakuta saba. Ukikuta minne, imeachana sentimita 80, na sakafu hiyo italegea hata ikiwekwa mbao nzuri juu yake. Unene wa mihimili unategemea kinachoibeba. Juu ya zege bapa, mihimili ya milimita 45 kwa 45 inatosha kwa sababu zege ndiyo yenye kazi. Juu ya matofali au nguzo fupi zilizoachana, mhimili unabeba wenyewe, na hapo usikubali chini ya 45 kwa 90, ukiwa umesimamishwa kwa ubavu wake mwembamba. Mhimili uliolazwa bapa ni dalili ya fundi aliyetaka kupunguza kimo cha kibanda, au asiyejua.

Sakafu yenyewe iwe mbao za milimita 18 au zaidi, au plaiwudi ya nje ya 18. Vibanda vya bei ya chini huwekewa ubao wa vipande vilivyogandamizwa kwa gundi wa milimita 10 au 11. Ugumu wa ubao dhidi ya kupinda hukua kwa mchemraba wa unene wake, hivyo ubao wa 18 ni mgumu zaidi ya mara nne kuliko wa 11 wa aina ileile. Kipimo chake ni rahisi: ingia ndani, simama katikati ya mihimili miwili, inuka kwa vidole kisha shuka ghafla kwa visigino. Vitu vilivyo rafuni vikitikisika, au ukisikia ubao ukigonga mhimili, sakafu ni nyembamba au haikufungwa vya kutosha.

Ukiwa bado huko chini, chomeka ncha ya bisibisi kwenye mihimili, hasa kwenye vichwa vyake vilivyokatwa. Mbao nzima hukataa. Iliyoanza kuoza humeza ncha nusu sentimita bila kelele. Kuvu wa kuozesha huhitaji mbao yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 20 hivi, na kichwa cha mbao hunywa maji haraka kuliko ubavu wake, kwa hiyo kuoza huanzia hapo. Tafuta pia vijia vya udongo vya mchwa vikipanda kwenye msingi, na vitundu vidogo vinavyomwaga unga, ambavyo ni kazi ya bungua. Kibanda chenye unga mpya usikinunue hata kikipunguzwa nusu bei.

Dawa ya mbao: rangi ya kijani haithibitishi kitu

Kuna mbao iliyotumbukizwa au kupulizwa dawa, na kuna iliyoingizwa dawa kwa shinikizo ndani ya tangi. Ya kwanza dawa hubaki kwenye milimita chache za juu, nayo huhitaji kupakwa upya mara kwa mara. Ya pili dawa hupenya, ingawa hupenya zaidi mbao ya nje ya mti kuliko moyo wake, ambao huikataa. Muuzaji akisema "imetiwa dawa", swali linalofuata ni: kwa njia gani, na kwa daraja lipi? Katika mfumo wa Ulaya, mbao ya nje isiyogusa ardhi ni daraja la matumizi la 3, na inayogusa ardhi ni la 4. Afrika Kusini na Australia huandika H3 na H4. Kuta zikiwa za daraja la 3 si kosa. Mihimili ya chini, hasa kama itakaa karibu na udongo, iwe ya 4.

Angalia sehemu iliyokatwa baada ya kutiwa dawa. Utaona ukingo wa kijani na katikati nyeupe. Hapo fundi mwangalifu hupaka dawa ya brashi kabla ya kuunga. Sehemu nyeupe ikiwa wazi na imekaa juu ya zege, maji yameonyeshwa mlango. Na vipande vinavyobaki visichomwe wala kupikiwa: mbao za zamani za kijani nyingi zilitiwa dawa yenye aseniki, na moshi wake ni sumu.

Fremu ndiyo bei yenyewe

Muuzaji akitaka kupunguza gharama bila mnunuzi kujua, hupunguza fremu. Ingia ndani upime nguzo za ukuta kwa futikamba, usisome karatasi ya maelezo. Vibanda rahisi vina nguzo za milimita 28 kwa 28. Kibanda cha kudumu kina angalau 38 kwa 50 au 45 kwa 45, na kizuri zaidi kina 45 kwa 70. Linganisha 28 kwa 28 na 45 kwa 45: mbao imeongezeka mara mbili na nusu, lakini ugumu dhidi ya kupinda umeongezeka zaidi ya mara sita na nusu. Hakuna mahali pengine kwenye kibanda unapopata faida kubwa hivyo kwa mbao kidogo hivyo.

Kumbuka pia kwamba majina ya mbao na vipimo vyake havilingani. "Mbili kwa nne" ikishapigwa randa hubaki kama milimita 38 kwa 89. Hilo ni la kawaida, si udanganyifu. Udanganyifu ni kulinganisha kibanda kimoja kwa kipimo cha kabla ya randa na kingine kwa cha baada.

Nguzo ziachane sentimita 60 au pungufu. Kila kona iwe na nguzo mbili zilizofungwa pamoja kwa bolti au skrubu ndefu, si kona ya mbao za ukuta zilizopigiliwa ubavuni. Kisha tafuta mbao za mshazari. Ukuta wa mistatili mitupu husukumwa na upepo ukawa msambamba. Mbao moja ya mshazari kwenye kila ukuta, au plaiwudi iliyopigiliwa vizuri, huuzuia. Shika kona ya juu ya kibanda kwa mikono miwili uisukume na kuivuta. Kikicheza zaidi ya sentimita moja, hakina mshazari au viungo vyake vimelegea, na mlango utakuwa wa kwanza kukuambia.

Vifundo vya mbao ni sehemu ya mti, huwezi kuvikwepa. Kwenye nguzo ya fremu, kifundo kisizidi theluthi moja ya upana wa mbao. Kwenye mbao za ukuta, kilichoshikamana na nyuzi zinazokizunguka hakina neno. Chenye mzingo mweusi kilikufa kabla mti haujakatwa, na kitadondoka na kuacha tundu. Kibonyeze kwa kidole gumba. Kikisogea leo, kitaanguka kiangazi.

Pembe na wima

Kibanda cha mita 1.8 kwa 2.4 kina bahati njema kwa mkaguzi: mshazari wa sakafu yake, kutoka pembe hadi pembe, ni mita 3.0 kamili. Pima mishazari yote miwili. Ikitofautiana kwa milimita 5 au pungufu, ni kazi safi. Kumi inavumilika. Ikizidi 15, mabati au mbao za paa hazitakaa sawa ukingoni na mlango utakwama upande mmoja. Vuta uzi kando ya ukuta mrefu uone kama umetuna katikati, kisha weka pimamaji kwenye nguzo za mlango.

Usiharakishe kulaumu kibanda hapa. Chenye mlango unaokwama huenda kimekaa tu juu ya ardhi isiyo sawa, na kikiwekwa juu ya msingi ulionyooka tatizo huisha. Weka pimamaji sakafuni kwanza. Sakafu ikiwa imeinama na mishazari inalingana, kosa ni la msingi. Sakafu ikiwa sawa na mishazari ikatofautiana, kosa ni la kiwandani, nalo halirekebishiki bila kufungua kuta.

Mbao za ukuta

Kuna aina tatu utakazokutana nazo. Ya kwanza ni mbao zinazolaliana, ya juu ikiifunika ya chini. Ya pili imechongwa ili ya juu ikae kwenye hatua ya chini yake. Ya tatu ina ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili. Ya tatu ndiyo ngumu zaidi na huzuia upepo vizuri, mradi ulimi uelekee juu na mfereji chini. Fundi aliyegeuza ametengeneza bakuli la maji kwenye kila kiungo, urefu wote wa ukuta. Kwa mbao zinazolaliana, dai mlaliano wa sentimita 2.5 kwenda juu.

Unene ndio unaotenganisha vibanda. Milimita 8 hupinda na kupasuka. Kumi na mbili ni kiwango cha chini cha heshima. Kumi na sita hadi kumi na tisa ni kibanda cha kuachia watoto. Hesabu ya haraka: kuta nne za mfano wetu zikiwa na kimo cha mita 1.8 ni kama mita za mraba 15 kabla ya kutoa mlango. Kwa milimita 8 hiyo ni mbao ya msonobari ya kilo 60 hivi. Kwa milimita 16 ni kilo 120. Basi uliza uzito wa kibanda kizima. Muuzaji anaweza kupamba maneno kuhusu "mbao imara", lakini vibanda viwili vya ukubwa na aina moja ya mti, kimoja kikiwa na nusu ya uzito wa kingine, haviwezi kuwa na ubora sawa.

Sasa unyevu. Mbao husinyaa inapokauka chini ya asilimia 28 hivi, nayo husinyaa kwa upana, karibu kamwe kwa urefu. Ubao wa upana wa milimita 120 uliopigiliwa mbichi ukakaukia ukutani unaweza kupoteza milimita 3 hadi 4. Kama ulimi wake una milimita 4 tu, utachomoka na mwanga utapita. Ndiyo sababu ya kuingia ndani, kufunga mlango na kungoja macho yazoee giza: kila mstari wa mwanga ni njia ya mvua inayopigwa na upepo. Kipima unyevu kikisoma chini ya 20, mbao imekauka vya kutosha kwa kazi ya nje. Kikisoma 25, nyufa hazijaonekana kwa sababu hazijafika bado.

Tazama na misumari ilivyopigwa. Kwenye mbao zinazolaliana, kila ubao upigiliwe msumari mmoja kwenye kila nguzo, juu kidogo ya mlaliano, ili usipenye ubao wa chini. Msumari ukizifunga mbao mbili pamoja, kila moja ikitaka kusinyaa upande wake, mojawapo itapasuka kwenye tundu la msumari. Urefu wa msumari uwe karibu mara tatu ya unene wa ubao: kwa ubao wa 16, msumari wa 50. Pini za mashine zinazotumika kwenye vibanda rahisi hushika siku za mwanzo, kisha mbao inapovimba na kusinyaa huzivuta nje.

Misumari na skrubu ziwe zimechovywa zinki ya moto au ziwe za chuma kisichoshika kutu. Dawa za kisasa zenye shaba nyingi hula chuma cha kawaida, na mierezi nayo ina asidi inayokila. Mistari myeusi inayotiririka kutoka kwenye vichwa vya misumari ni kutu iliyokwisha kuanza kazi.

Mwisho wa mbao ya chini kabisa ya ukuta uwe juu ya ardhi kwa sentimita 15. Matone ya mvua yakigonga udongo huruka, na ukuta ulioshuka zaidi ya hapo huoza kutoka chini hata ukiwa na dawa.

Paa

Paa la karatasi ya lami lililowekwa juu ya ubao mwembamba ndilo huharibika kwanza kwenye vibanda vingi. Tafuta unene wa ubao chini yake (milimita 10 haitoshi, hulegea kati ya makombamoyo na kutengeneza madimbwi), mlaliano wa karatasi wa sentimita 7.5 au zaidi, na ukingo uliokunjwa kuja chini na kupigiliwa, si uliokatwa sawa na ubao. Karatasi nyembamba iliyovutwa kwenye mgongo wa paa hupasuka hapohapo kwenye kona.

Kwa bati, uliza geji na ukumbuke inavyokwenda: namba ikikua, bati linakuwa jembamba. Mlaliano wa ubavuni uwe angalau mgongo mmoja na nusu wa bati, na wa juu kwa chini sentimita 15, zaidi kama mteremko ni mdogo. Kila skrubu iwe na mpira chini ya kichwa. Mpira uliobanwa hadi ukatokeza pembeni umekazwa kupita kiasi.

Ukingo wa paa utokeze nje ya ukuta. Sentimita 10 hubadilisha maisha ya ukuta mzima, na bado kuna viwanda vinavyokata paa sawasawa na ukuta kwa sababu picha hupendeza. Mwisho, sukuma paa kwa juu kutoka ndani. Makombamoyo yaliyoegeshwa juu ya ukuta na kupigiliwa msumari mmoja wa mshazari yatainuka kwa upepo. Yaliyofungwa kwa vipande vya chuma hayatainuka. Kibanda chenyewe nacho kiwe na namna ya kufungwa kwenye msingi katika kona nne.

Mlango

Fungua nusu, uachie. Ukibaki ulipo, bawaba zimesimama wima. Mlango wa mbao huning'inia upande wa kufuli, kwa hiyo nyuma yake lazima kuwe na mbao ya mshazari inayoanzia chini upande wa bawaba na kupanda juu upande wa kufuli. Hivyo uzito hushuka kwenye bawaba ya chini. Ikigeuzwa, mshazari huvutwa badala ya kubanwa, misumari hulegea, na mlango huanza kukwaruza kizingiti. Kosa hili ni la kawaida ajabu hata kwenye vibanda vya bei kubwa.

Bawaba ziwe tatu kwa mlango wa kimo cha kawaida, na skrubu zake ziingie kwenye fremu, si kwenye ubao wa milimita 12. Bamba la kufuli lifungwe kwa bolti zenye kichwa cha mviringo na nati ndani. Skrubu zikiwa wazi nje, mwizi anahitaji bisibisi tu, na kufuli lako la gharama litabaki zima mkononi mwake. Pima pia uwazi wenyewe, kutoka fremu hadi fremu, mlango ukiwa wazi: toroli huhitaji sentimita 75 ili uingie bila kujichuna vidole.

Sasa bei

Anza kwa eneo la ndani. Kibanda cha 1.8 kwa 2.4 kilichopimwa nje, chenye nguzo za 45 na mbao za 16, kina eneo la ndani la mita 1.68 kwa 2.28, yaani mita za mraba 3.8 badala ya 4.3. Wengine hupima hadi ukingo wa paa, na hapo tofauti ni kubwa zaidi. Gawa bei kwa mita za mraba za ndani, na kwa kila kibanda utumie kipimo hichohicho.

Kisha orodhesha mbao: mita ngapi za nguzo, mita ngapi za mraba za kuta, sakafu na paa, kwa unene ulioupima mwenyewe. Ziulizie bei kwa muuzaji wa mbao, ongeza misumari, bawaba na dawa. Jumla hiyo hukupa sakafu ya bei. Kibanda kikiuzwa chini yake, kuna kitu ulichopima vibaya au mbao ni ya daraja la chini kuliko ulivyodhani, rudi ukatazame. Kikiuzwa zaidi ya mara mbili na nusu yake, unalipia jina au usafirishaji, na ni bora kumwita seremala akupe bei ya kujenga.

Gharama ambayo watu husahau ni zile zisizobadilika. Tuseme kibanda cha kwanza kinauzwa 100 na cha pili 170, na vyote vinahitaji msingi na kazi ya kuunga ya 60. Cha kwanza kikidumu miaka 6, kila mwaka kimekula karibu 27. Cha pili kikidumu 15, kimekula karibu 15. Hapo bado hujahesabu dawa ya kupaka kila mwaka ambayo kile cha kwanza hudai. Soma na dhamana yenyewe: nyingi hushughulikia kuoza tu, si kupinda wala kupasuka, na hufutika usipoonyesha kwamba ulipaka dawa kwa wakati.

Ukikuta kasoro, zigawe kabla ya kuanza kupatana. Bawaba dhaifu, kufuli, karatasi ya paa, skrubu za kutu na mshazari wa mlango uliogeuzwa vinarekebishika kwa siku moja, basi omba punguzo la gharama yake na ununue. Fremu nyembamba, mishazari ya sakafu isiyolingana, mihimili iliyooza au mbao za ukuta za milimita 8 hazina punguzo linalozifidia.

Kibanda kikija kwa vipande, hesabu kila kipande dhidi ya orodha kabla ya kufunga skrubu ya kwanza, na urudishe ubao uliojikunja siku hiyohiyo. Bakisha sehemu ya malipo hadi kisimame. Kikishasimama, elekeza bomba la maji kwenye mgongo wa paa kwa dakika kumi, kisha kila ukuta kwa mshazari kutoka juu, ukimwacha mtu ndani na tochi na chaki aweke alama kila anapoona tone.